Kivuli cha Roshani

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na jua linautandika toka asubuhi. Ndiyo maana tuliposikia kwamba jengo jipya lililo nyuma yetu litatoa roshani juu ya vichwa vyetu, Kinyozi alikitangaza kile kivuli kama amekijenga yeye. Leo ilikuwa siku ya kumwaga zege. Badala ya zege tukamwagiwa mafundi. Pimamaji, fundi mkuu, mwanamume mwenye sauti ya mtambo wa kusaga kokoto, alishuka ngazini na vibarua wake wote, akailaza kofia yake ngumu chali katikati ya ubao, akaagiza kahawa kwa kila mtu. Muuza kahawa wetu, tunamwita Birika, akawatazama vibarua, akalitazama birika lake, akaanza kuhesabu vichwa.

— Vipi shemeji, kivuli changu kimeiva? akauliza Kinyozi, ambaye kamwoa dada yake Pimamaji na hatuachi kukumbushwa.

— Simwagi. Saruji imepungua, bosi kaagiza niongeze maji ili zege litoshe. Nimemjibu hili si mchuzi wa wageni. Kasema anakuja, akinikuta sijamwaga nimwachie kofia yake. Hiyo hapo. Aje aichukue.

Kilometa, dereva wa teksi ambaye safari zake nyingi huzifanya kwa mdomo, akatikisa kichwa.

— Kaka, maji kidogo tu. Si yatakauka?

— Yakauke wapi? Kokoto zinazama chini, juu unabaki uji. Halafu maji yenyewe yanapanda, zege linatoka jasho. Likishakauka unalikwaruza kwa ukucha, unga mtupu.

— Kama kokoto zinazama, akasema Kinyozi, likianza kushika igeuzeni roshani juu chini. Zitarudi.

— Roshani si godoro, shemeji.

— Basi tia unga wa ngano, akadakia Kilometa. Uji ukiwa mwepesi nyumbani wanafanyaje?

— Uji wa nyumbani haubebi watu.

— Haya, na nguzo ya mjomba wangu? Imejaa mashimo kama sega la nyuki, na zege lake lilikuwa kavu. Lilikosa maji lile.

— Lilikosa kushindiliwa. Unalishusha taratibu, hulirushi toka juu kama maji ya kudekia. Kisha unalitikisa kwa mashine mpaka hewa itoke. Ukimaliza unalifunika magunia yaliyolowa, jua na upepo visilipasue.

Kinyozi akasimama kama wakili aliyenasa shahidi.

— Mmemsikia? Ndoo ya maji anaikataa, magunia ya maji anayataka.

— Wewe ukimnyoa mteja, maji unampaka kichwani au unamnywesha?

Vibarua wakacheka mpaka wakaomba kahawa nyingine. Mimi fundi viatu hukaa jirani na jiko, kwa hiyo nilimwona Birika akiinua chupa ya maji ya moto na kulijaza birika. Akanikonyeza. Nikanyamaza, mwanangu naye hunywa kwa mkopo hapo.

— Mimi nadhani, akasema Kilometa, zege linatoka jasho kwa woga. Linalala juu peke yake. Apatikane mtu wa kuliimbia.

— Kaliimbie wewe. Litapasuka siku hiyohiyo.

Kinyozi akashusha sauti.

— Shemeji, utani kando. Ukifukuzwa, wewe na watoto mtahamia kwangu.

— Nitahamia. Nitalala sebuleni kwako na nitakoroma. Ila roshani ikishuka, aliyekaa chini ni wewe.

Tukatazama juu. Mbao za kumwagia zege zilikuwa zimeshatandazwa, nondo zimechungulia kando. Nikasogea. Kilometa naye akasogea, mpaka ubao ukatuishia.

Hapo ndipo bosi mwenyewe, mkandarasi, alipofika, shati limemganda mgongoni. Akaiona kofia, akakaa kando yake bila salamu. Birika, kwa mazoea, akamtilia kikombe. Bosi akapiga funda moja, akasita, akakiinamisha kikombe juani. Kitako kilionekana.

— Nani kaongeza maji humu?

Vibarua wakatazama buti zao. Kilometa, mwenye nadharia ya kila kitu tangu asubuhi, akainama kufunga kamba za viatu. Pimamaji peke yake ndiye aliyemtazama bosi machoni.

— Birika, nakuuliza wewe. Kama haitoshi, si ungesema imekwisha?

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Kikombe kikamgandia mkononi, macho yakapanda polepole hadi kwenye zile mbao.

Pimamaji akaichukua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa.

— Saruji inafika lini, bosi?

Bosi akamwaga kahawa chini, akatoa simu, akaenda kuongelea mbali na sisi.

— Na kivuli changu? akauliza Kinyozi.

— Utakaa juani, shemeji, mpaka niridhike mimi.