Sindano ya Paja

Treni ilikuwa ikikaribia mlima. Dada aliyekaa mbele yangu alimeza kidonge, akafunga upya kamba za viatu kwa mara ya tatu. Jirani yake, fundi cherehani aliyemfahamu kwa nusu saa tu, alishindwa kunyamaza.

"Una ugonjwa wa tezi, na bado unakwenda kupanda mlima?" Akamkagua shingo. Hata mimi niliikagua, nakiri.

"Si hizo, kaka. Zangu ziko juu ya figo. Zimegoma, kwa hiyo nguvu nazimeza."

"Basi tulia nyumbani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu zima, tezi ndizo mbovu. Nimetulia mwaka mzima, mabati ya paa nayajua kwa sura."

"Na ukizidiwa?"

Dada akampa sindano ya dawa kutoka mkobani. "Hii, upesi, kwenye paja, hata juu ya suruali. Ikichelewa, mnanizika."

"Ukizimia, nani atachoma?"

Dada akavitazama vidole vya fundi. "Si kazi yako sindano?"

"Za nguo, dada! Nguo nikikosea, nafumua!"

Treni ikasimama chini ya mlima. Fundi alikuwa bado na vituo vitatu mbele. Dada akashuka bila kugeuka, na sindano akamwachia mkononi, kana kwamba fundi naye anashuka.