Ijumaa ya Mwisho ya Glenys Hosking

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki mliokusanyika hapa Port Kembla, mimi Neville, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, Glenys Mavis Hosking.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, hapa hapa mjini, mtoto wa kwanza wa mzee Clem Trembath, fundi wa tanuru katika kiwanda cha chuma, na mama Enid, akasoma shule za hapa hadi mwaka 1973, na Januari iliyofuata akaajiriwa kantini ya kiwanda, alikopika na kugawa chakula mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Ijumaa, tarehe 5 Oktoba 1979, mwimbaji wa bendi ya Baa ya Nanga hakutokea, mpiga gitaa, Ray Hosking, akauliza kama kuna mteja wa kushika nafasi yake, wenzake wa kantini wakamsukuma Glenys mbele akiwa bado na aproni, na kuanzia hapo aliimba kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwa karibu miaka thelathini, ukiondoa majuma machache ya uzazi. Alifunga ndoa na Ray tarehe 22 Novemba 1980, wakajaliwa binti mmoja, Leanne, tarehe 3 Mei 1983.

Mwezi Julai 2009 sauti yake ilianza kukwaruza, akapimwa, ikaonekana saratani ya koo, daktari akamweleza kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe.
"Nikikataa?" Glenys akauliza.
"Mwaka mmoja, pengine na nusu."
Leanne alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Mimi, kwa ujinga wangu, nilimwambia dada asikubali, kwamba bila kuimba hatakuwa Glenys, akanitazama na kusema, "Neville, huyo mtoto hanijui kwa kuimba. Acha watoe."

Ijumaa, tarehe 21 Agosti, aliimba mara ya mwisho, naye alituomba sisi wa nyumbani tusimwambie mtu, hivyo watu waliendelea kuagiza bia na chipsi kama kawaida, na alipofika kwenye wimbo alioutenga wa kuagia, wa taratibu, rafiki yetu Barry Noonan akapaza sauti kutoka kaunta, "Glenys mama, hiyo inatutia usingizi, tupe ya kucheza!" Akacheka, akamwambia Ray abadilishe, akaimba ule aliotaka Barry, watu wakacheza, akashuka. Aliposikia habari za upasuaji wiki iliyofuata, Barry alikuja mlangoni akilia, na Glenys, shingo ikiwa na bandeji, akamwandikia kwenye kidaftari, "Ulinisaidia. Ile nyingine nisingeimaliza."

Hakukanyaga tena Baa ya Nanga. Shemeji Ray alitaka kuliuza gitaa lake, dada akamwandikia, "Nenda Ijumaa. Tukinyamaza wote wawili nitakufa," basi Ray akawa anakwenda, akirudi anamkuta amekaa na taa imezimwa, amevaa gauni la jukwaani.

Mjukuu wake, Tobin, alizaliwa tarehe 11 Desemba 2009, dada akambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni kwa mdundo, akamlea miaka kumi na minne, hadi Februari mwaka huu saratani iliporudi mapafuni, na Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa mbili asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka 67.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta chakula, na wafanyakazi wenzake wa kantini. Tumetafuta juma zima kanda yenye sauti yake, hatukupata hata moja, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa inarudi kila wiki na hakuna aliyeona haja ya kurekodi. Juzi Tobin aliuliza, "Bibi alikuwa na sauti gani?" na babu yake alifungua kinywa, akashindwa. Kwa hiyo tunawaomba ninyi mliomsikia, kabla hamjaondoka leo, mwiteni huyu mtoto pembeni mumweleze.

Dada, lala salama, umepumzika.