Hodi ya Tatu kutoka Mishomoroni

Mgeni rasmi, Bwana Meneja wa kampuni ya mtandao, Kanda ya Pwani; Bwana Chifu; masheikh na wachungaji; kina mama na majirani mlioketi, nanyi mliosimama juani kwa kuwa viti vimekwenda kwa wakubwa:

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, baada ya adhuhuri, fundi wa kampuni yako alipiga hodi mara moja katika nyumba ya marehemu Bwana Khamis, hapa hapa Mishomoroni, akaingia. Hakungoja ajibiwe. Alishika keekee ya kutobolea ukuta mkono mmoja na waya mkono wa pili, akapita ukumbini mpaka chumba cha ndani, kwa kuwa ameambiwa ofisini waya uishie dirisha la nyuma. Chumbani alikuwamo Bi Mwanatabu, mjane, yuko eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiye mahramu wake, yaani anayeweza kumwoa, hamwoni. Mtoto mdogo wa mtaa huu analijua hilo. Ofisi yenu nzima haikulijua.

Siku hiyo ndiyo mambo yalipoharibika. Ndugu za marehemu walitoka, na majirani wakatoka. Fundi hakuguswa, tunasema kweli mbele ya Mungu, lakini alikimbia mbio ambazo hapa hatujaziona tena, akaacha ngazi yake ukutani. Kufika alasiri nyaya zote za mtaa zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa njia panda. Kampuni ikasema Mishomoroni ni mtaa mkorofi, ikaondoka. Hakuja mkubwa hata mmoja kuuliza kulikoni.

KUKUKARIBISHA

Karibu, Bwana Meneja. Umekuja kuzindua laini mpya ya mtandao, na sisi tumefurahi, wala si furaha ya kuagizwa. Ngoma uliyoisikia hatukulipwa kuipiga. Mimi ninayesoma ni Tsofa Mwarandu, mshika ngazi wa kikundi hiki cha mafundi, mwanamume peke yangu kati ya wanawake. Shule yangu iliishia darasa la nne. Wamenichagua nisome kwa sababu, asemavyo Johari, mmoja wa mafundi wetu, "Mzee Tsofa hana tena wa kumwogopa." Maneno tumeyatunga sote, kalamu nimeshika mimi.

TULIKOTOKA

Siku ile ya vurugu, marehemu mke wangu Dorcas alikuwa jikoni kwa Bi Mwanatabu akiwapikia wafiwa. Sisi ni Wakristo, wao ni Waislamu, lakini msiba hauna ukuta. Alirudi nyumbani na mwiko mkononi, hasira zimemjaa, akamkuta binti yetu Nyevu ameketi. Nyevu alikuwa amesomea umeme chuo cha ufundi, amefaulu, na anakaanga viazi karai barabarani.

Dorcas akamwambia, "Wewe! Kazi yenyewe si kupitisha waya na kupiga hodi? Hodi hujui kupiga?"

"Mama, ngazi sina."

"Ngazi ile pale imeachwa. Kaichukue kabla haijageuka kuni."

Bwana Meneja, ngazi hiyo ndiyo ile imeegemea nguzo ya hema. Ni ya kampuni yako. Mkiitaka mwiteni fundi wenu aje aichukue, tutampa na chai.

Nyevu akamchukua Johari, aliyekuwa akitengeneza simu kibandani, na Hanan, aliyemaliza masomo ya kompyuta akakaa nyumbani akingoja kuitwa kazini na watu wasiomjua. Wakaenda kwanza nyumba ile ile. Wakasimama nje, wakapiga hodi. Wakangoja. Wakapiga ya pili. Ya tatu ndiyo Bi Mwanatabu akajibu kutoka ndani: "Karibuni, wanangu." Wakaingia mpaka chumba kile. Mjane hakujificha, waya waliouokota njia panda na kuuunga tena na nguzo yenu ukafika dirisha la nyuma, na jioni wajukuu wakamwona shangazi yao wa Maskati kwenye simu, akilia na kucheka kwa pamoja.

TULIYOYAFANYA

Kuanzia hapo mtaa ulifunguka. Nyumba ambazo mafundi wenu waliambiwa "mwenyewe hayupo" mpaka wakachoka, kina mama hawa wameingia. Wamefika mpaka mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Wanavaa suruali ndani, dera juu, na leso kiunoni ya kulifunga dera lisipeperuke. Kwanza walichekwa. Wazee wa baraza la kahawa walisema mwanamke akipanda nguzo mvua hukatika. Johari akawajibu akiwa juu kule kule: "Basi na ikatike, nina nguo za kuanika!" Mwezi wa Aprili mvua ikanyesha mpaka vyoo vikafurika, na mzee mmoja wa baraza akaja kumwomba Johari apande tena aizuie.

Mvua hiyo hiyo iliangusha nguzo, na nyaya zikakatika. Ilikuwa wiki ya watoto wetu kuomba nafasi za vyuo, na maombi yote hufanywa kwa mtandao. Kampuni ilipopigiwa ikajibu gari limekwama Changamwe. Nyevu na wenzake waliingia kwenye tope la magoti. Uzi wa mtandao, kwa msioujua, ni wa kioo, mwembamba kama unywele, na haufungwi fundo. Huchomwa ncha kwa ncha kwa mashine, na vumbi likiingia kazi bure. Wakafunika mashine ya kuazima kwa leso ya Hanan, wakaunga uzi mmoja mmoja, sisi wengine tumeshika mwavuli. Mtandao uliporudi, shule nzima ilipiga kelele tukazisikia barabarani. Hakuna mtoto wa mtaa huu aliyekosa kuomba chuo.

Na lipo jingine, niruhusuni nilisome polepole.

Dorcas aliugua. Dispensari walimpima, lakini majibu yalikuwa ya kusomwa na daktari mkubwa ng'ambo ya pili ya daraja, na dispensari haikuwa na mtandao. Kompyuta ilikuwapo, imefunikwa kitambaa, inangoja idhini ya wakubwa. Nyevu alikwenda kuwaomba aunganishe bila malipo. Wakasema hana kibali. Majibu yakaja kwa pikipiki, tumeshazika. Ugonjwa wenyewe, yakasema, ni wa kutibika.

Tulipomaliza matanga Nyevu alirudi dispensari na Bi Mwanatabu, aliyekwisha kutoka eda, na kina mama wa mtaa nyuma yao. Hawakutukana mtu. Waliketi mlangoni mpaka kibali kikapatikana, na mnajua kilipatikana upesi kiasi gani? Kabla chai haijapoa. Tangu hapo majibu huja mgonjwa akingali amekaa kwenye benchi. Mwezi uliopita mjamzito wa hapa jirani alipimwa, daktari akayaona majibu, akaagiza gari, na leo mama na mtoto wako hapa. Mama, mwinue mtoto aonekane. Huyo ndiye, Bwana Meneja! Amepewa jina la Dorcas. Mke wangu hakuyapata majibu kwa wakati, mama wa huyu ameyapata. Pigeni vigelegele, msinitazame mimi.

YANAYOTUKWAZA

Kampuni iliposikia nyumba zimeunganishwa, ilirudi. Haikuuliza nani kafanya. Ilisema kina mama waendelee, lakini chini ya fundi wa kampuni, na wao waitwe "wasaidizi wa mlango". Msaidizi wa mlango hupanda nguzo, huvuta waya, huingia ndani, huunga uzi, hupima, hurudi. Fundi hukaa kivulini, kisha huandika kwamba kazi ameifanya yeye. Tusilaumiwe tukisema, lakini hata ng'ombe anayelima hupewa jina lake.

Ratiba ya leo nimeisoma. Imewashukuru wahandisi wa kampuni, na walioleta mahema, hata na mwenye spika. Wanawake hawamo. Na tumesikia kwamba laini mpya ikishazinduliwa, wasaidizi hawatahitajika tena.

TUNALOOMBA

Hatukuandika mengi. Tunaomba Nyevu, Johari, Hanan na wenzao wapimwe kazi kama apimwavyo mwanamume, wapewe vyeti, waajiriwe kwa jina la fundi. Na wasichana wanaotoka vyuoni wawekwe chini yao wajifunze, wasiende kukaanga viazi na elimu yao.

Kwetu sisi mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa ya tatu huondoka, na aibu hubaki kwa mwenye nyumba.

Hodi ya kwanza tulipiga ofisini kwenu mwaka juzi. Askari wa getini aliwatazama kina mama akasema, "Wa usafi huingia Jumatatu." Wakarudi.

Ya pili tulipiga mwaka jana. Wakaketishwa, wakapewa maji. Bwana wa ajira akauliza, "Mkiwa juu ya nguzo, nani ataangalia watoto?" Nyevu akamuuliza, "Wewe wa kwako sasa hivi wanaangaliwa na nani?" Akacheka sana, akasema ni swali zuri, watapigiwa simu. Laini ya simu iko sawa, tumeipima wenyewe.

Mwenyezi Mungu akufikishe kwako salama, Bwana Meneja, ukute mlango umeshafunguliwa na chakula kimeshapakuliwa. Awabariki wote waliokuja na wote waliotutangulia. Ni sisi wako, Kikundi cha Wanawake Mafundi wa Mtandao, Mishomoroni, na mshika ngazi wao.

Sasa naomba mafundi wasimame. Nyevu, simama mbele, mama yako angetaka uonekane. Bwana Meneja, hawa wameingia kila nyumba ya mtaa huu kwa kukaribishwa. Uliobaki ni mlango wako. Tunapiga ya tatu, mbele ya watu wote hawa, na tunangoja hapa nje:

Hodi?