Kibao cha Shaba cha Mzee Mogga

Aliyeitoa habari hii kwanza ni Night Poni, mwuza kahawa wa kona ya barabara ya Arua, hapa Koboko, siku ya pili baada ya Idi ya mwaka juzi. Asubuhi ile, mbele ya benchi lake, ililala injini kuukuu ya silinda mbili, ndefu kama mbuzi, na gurudumu zito la chuma mbele yake. Swaka alikuwa ameiahidi kwa Anguzu, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Arua, na lori lilikuwa limeshafika. Lakini Nasiri, ndugu yake Swaka, aliomba ijulikane kwanza ilikuwa injini ya nini. Babu yao, Mzee Mogga, alisema mpaka anakufa kwamba aliwahi kuendesha boti kwenye Nile, na Koboko nzima, iliyo mbali na mto, ikamcheka. Ndugu walikubaliana: ikiwa ya boti, ibaki nyumbani, ikiwa ya kinu, iende. Nasiri hakuketi. Alisimama na mkono wake juu ya gurudumu, kama mtu aliyeshika ng'ombe mnadani.

— Hii iko ya kinu, alisema Koplo, ambaye jeshi alilijua kwa viatu vya baba yake tu. Ilisaga muhogo kwa Mogga. Ugali yake nilikula mimi mwenyewe.

— Kusaga ilisaga, tuliporudi kutoka ukimbizini Sudan, Nasiri akajibu. Na mbele ya hapo?

— Mbele ya hapo ilikuwa inangoja muhogo.

Faruk, fundi wa pikipiki aliyeitwa Injinia, alikuwa amelala kifudifudi akichungulia chini yake.

— Hapa iko mkono ya gia. Kwenda mbele, kusimama, kurudi nyuma. Koplo, kinu gani inarudi nyuma? Inarudisha unga kuwa muhogo?

Poni alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Basi iko ya gari, Koplo akasema.

— Gari na pampu hii ya kuvuta maji? Injinia akauliza, akiigonga ubavuni mwa injini.

— Gari ya kuzima moto.

— Afande, Koboko iliona gari ya kuzima moto lini? Hapa moto inachoka yenyewe.

Anguzu akatazama jua.

— Wazee, mimi mutu ya safari. Kibao si hii hapa? Someni, tumalize.

Nasiri alitamani asingekitaja. Kibao cha shaba kilikuwapo, kikubwa kama kipande cha sabuni, kiking'aa. Injinia alikiinamia akaona meno yake mwenyewe. Herufi hakuna. Mzee Mogga alikuwa mtu wa jeshi, na kwake shaba isiyong'aa ilikuwa aibu ya nyumba. Kila Ijumaa kabla ya sala kilisuguliwa kwa limau na majivu. Alipokufa aliendelea mjane wake, na baada ya mjane, Nasiri. Jina la kiwanda, nambari, mwaka, vyote viliondoka na kitambaa.

— Mlisugua mpaka jina? Injinia akauliza.

— Tuliheshimu, akasema Nasiri.

Injinia akatoa simu. Wiki iliyopita alikuwa ametuma picha kwa wapenzi wa injini za zamani huko ng'ambo, na jibu lilikuwa limefika.

— Wanasema hawajaona kama hii. Inaweza kuwa ya boti. Inaweza kuwa imebaki moja tu duniani. Wanaomba tusome kibao.

— Sasa nimejua! Koplo akaruka. Iko ya nyambizi, ile boti inatembea chini ya maji. Jina ilifutwa kwa sababu iko siri ya jeshi.

— Nyambizi gani iliwahi kuonekana hapa? Injinia akauliza.

— Kama ungeiona, ingekuwa nyambizi?

Hapo mlango wa lori ukafunguka. Kadijah, mke wa Anguzu, alikuwa amechoka kungoja.

— Salaam aleikum. Bado hamjajua?

— Tunaona iko ya boti, mama, Injinia akasema. Pampu ya maji, gia ya kurudi nyuma, yote.

Nasiri akatabasamu kwa mara ya kwanza.

— Na boti iko wapi? akauliza Kadijah.

Koplo akatazama ndani ya kikombe chake.

— Injini ilitoka, Kadijah akaendelea. Boti ilibaki wapi? Na watu wake?

Nasiri alikumbuka kwamba swali hilo aliliuliza yeye mwenyewe utotoni. Mzee Mogga alimpa kitambaa, akasema: "Sugua."

Poni akainua birika ammiminie mgeni. Lilikuwa tupu.

— Hii mimi sipakii, Anguzu akasema, akimrudisha mkewe garini. Chuma iko na watu ndani yake siweki kwa lori.

Mzee Mogga na mkewe wamelala hapa Koboko. Koplo alizikwa mwaka jana wakati wa mvua, akiwa bado na nyambizi yake. Anguzu na Kadijah wapo, upande wa Dadamu, karibu na Arua. Injinia, Swaka na Poni ni wazima. Nasiri naye yu hai. Kila Ijumaa hupangusa silinda na gurudumu, kibao hakigusi. Ama waliokuwa ndani ya boti, ikiwa walikuwapo, hakuna awezaye kusema ni wangapi, wala kama kuna aliyebaki.