Eufrasia Mujuni: Miaka Kumi na Tisa ya Kutunza Mali za Wengine

Bi. Eufrasia Mujuni, ambaye wengi tunamwita Mama Theonest, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuitumikia Kampuni ya Mbula Uwekezaji, hapa Kalangalala, Geita, kwa miaka kumi na tisa. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Nampota, dereva wake, kazi ya kuandika wasifu huu. Nilisoma hadi kidato cha pili huko Newala, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Wenye elimu walisema hawana nafasi. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu kila mmoja alikuwa akitafuta kazi kwingine, maana hatukujua kama kampuni ingefika Julai.

Mama Theonest alizaliwa Muleba. Alifundisha somo la biashara katika sekondari moja ya Shinyanga kabla Mzee Donatus, mwanzilishi wetu, hajamshawishi aje Geita. Wakati huo kampuni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi ya Mama Theonest ilikuwa kupokea fedha za wafugaji, wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na wachuuzi, na kuziwekeza kwenye hatifungani na hisa kwa ada ndogo. Wachimbaji wa Nyarugusu walimbandika jina la Mama Subiri, kwa sababu kila walipouliza faida iko wapi, jibu lilikuwa hilo. Mmoja wao alimwambia, "Mama Subiri, mimi nashuka shimoni kila siku. Kusubiri kwangu ni kufupi." Mama Theonest alicheka hadi akavua miwani, halafu akamtafutia mpango wa muda mfupi.

Mimi nimemzungusha kwa gari tangu nilipoacha kuchimba. Hapendi vumbi, kwa hiyo hata mwezi wa kumi vioo vilikuwa juu, na tulifika kwa wateja tumeiva. Salamu ya Kisukuma aliijua, lakini aliisema kwa lafudhi ya Muleba. Wazee walikuwa wanajifanya hawakusikia ili airudie.

Watu wa upatu walipopita vijijini wakiahidi kuzidisha fedha maradufu, wateja wengi walitaka kuondoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi wabaki. Wengi walibaki, na upatu ulipokufa hakumkumbusha mtu.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni utafiti. Alitafiti namna kampuni kama yetu zinavyopangiwa bei na kununuliwa. Alisoma habari za kampuni zilizouzwa huku na kule, akawapigia simu waliokuwamo, akawauliza kama wateja walibaki. Chai ya saa nne ilikuwa darasa, tutake tusitake. "Ukinunua duka la mahindi, mahindi yapo ghalani," alituambia. "Ukitununua sisi, ghala ni letu lakini mahindi ni ya watu. Wakija na mikokoteni kesho, umenunua kuta." Kwa hiyo, alisema, mnunuzi mwenye akili haangalii tu wingi wa fedha ambazo kampuni inatunza. Anaangalia kinachobaki kwenye ada baada ya mishahara. Anaangalia wateja wamekaa muda gani, na kama wanaiamini kampuni au wanamwamini mtu mmoja tu ndani yake. Ndiyo maana mara nyingi bei hukatwa vipande viwili: kimoja hulipwa mwanzoni, kingine husubiri ionekane nani amebaki.

Elimu hiyo ikaja kutugusa sisi wenyewe. Mzee Donatus amechoka, figo zinamsumbua, na watoto wake hawaitaki kazi hii. Mwaka jana alitafuta mnunuzi, na kampuni moja ya Dar es Salaam ikamtuma Bwana Davis kutukagua. Davis aliona haraka jambo la kumtisha: wateja wakubwa wote walikuwa wa Mama Theonest, naye anastaafu. Mikataba yetu inasema mteja lazima akubali kabla mali yake haijahamishiwa kwa msimamizi mwingine. Davis akaweka sharti kwamba wenye sehemu kubwa ya fedha wakubali kabla ya mwisho wa Juni, la sivyo hanunui. Asiponunua, Mzee Donatus angefunga kampuni, wateja wangerudishiwa chao, na sisi tungerudi makwetu. Newala ni mbali, na sina cha kurudi nacho.

Mama Theonest alikuwa na hakika ya la kufanya. Utafiti wake ulionyesha kwamba kampuni zilizouzwa kwa siri ndizo zilizokimbiwa. Akasema mnunuzi aonekane mapema, ana kwa ana. Tukampakia Davis, tukaenda Bugarama kwa Mzee Maduhu, mfugaji ambaye wateja wa upande ule hufuata anakoelekea. Tulipokelewa vizuri. Tulikunywa maziwa mgando, Davis akasifu ng'ombe, mzee akaitikia kila alichoambiwa. Njiani Davis alisema, "Huyu tayari." Mama Theonest akaniambia niongeze mwendo, jambo ambalo hajawahi kuniambia.

Siku ya mnada wa ng'ombe iliyofuata, Mzee Maduhu aliingia ofisini na mkewe.

"Shikamoo baba," Mama Theonest alimwamkia.

"Marahaba. Nimefuata ng'ombe wangu."

"Ng'ombe gani tena, baba?"

"Niliokupa unichungie. Si umeshampa mwingine? Umemleta mpaka zizini kwangu nimtazame sura."

"Nilimleta umfahamu tu."

"Mayu," mzee alimwita, yaani mama kwa Kisukuma, "mke haletewi mke mwenza ili amfahamu tu."

Mkewe aliinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Sisi hatukucheka.

Wafugaji wa huku humpa mtu ng'ombe awatunze, hata kwa miaka. Mtunzaji akichoka, huenda peke yake kwa mwenye mali na kumwambia, nimechoka. Mwenye mali ndiye anayechagua: awachukue ng'ombe wake, au aseme, basi nitafutie mtu. Ukitokea na mtu huyo kabla hujasema umechoka, maana yake ng'ombe umeshawatoa, na umekuja kumdhihaki mwenyewe. Mama Theonest aliijua desturi hiyo. Hakuwahi kufikiri kwamba hatifungani nazo ni ng'ombe.

Alimsihi Mzee Maduhu ampe muda kidogo kabla ya kutoa fedha zake, mzee akakubali shingo upande. Lakini habari ilishazunguka mnadani, na wengine wakaanza kuja kudai chao. Davis alipiga simu, akashusha bei, na akakumbusha kwamba Juni haisogezwi. Mzee Donatus hakumgombeza Mama Theonest. Alimuuliza tu, "Sasa tufanyeje, Mama Theonest?" Nadhani hilo lilimuuma zaidi ya kugombezwa. Siku zile chai ilipoa mezani na hakuna aliyeigusa.

Akaanza upya. Nilimpeleka tena Bugarama, lakini alinisimamisha barabarani, mbali na nyumba ya mzee, akisema gari la kampuni nalo ni mtu wa pili. Akatembea peke yake. Aliporudi alinisimulia. Alikuwa amesema, "Nimechoka, baba. Umri umenifikia." Mzee akamuuliza: "Na za kwako unazipeleka wapi?"

Wote ofisini tulijua zinakokwenda. Akiba ya maisha yake iko kwenye mfuko wetu, na alipanga kuitoa akistaafu ili aezeke nyumba yake Muleba. Tena swali lile lilikuwa lake. Katika utafiti aliwauliza watu wa kampuni nyingine: wakubwa walioondoka, fedha zao waliziacha au waliondoka nazo? Alisema jibu hilo humweleza mambo ambayo hesabu hazimwelezi. Sasa aliulizwa yeye. Alimwambia mzee atarudi.

Tulirudi Geita. Tulipokaribia mjini akasema, "Hawa watu wa Dar nimewatafiti, Nampota. Siyo kwamba nawajua." Nilitaka aziache fedha zake kwetu, kwa sababu ya kazi yangu, na niliona vibaya kutaka hivyo.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Mzee Maduhu na kumwambia kwamba zake zinabaki, kwa mwaka mzima ambao mnunuzi anasubiri kuona nani amekaa. Yeye atakaa kwa dada yake Sesilia, hukohuko Muleba. Mzee akasema, "Basi nitafutie mtu." Hapo ndipo Davis alipoitwa mara ya pili. Mara ya kwanza mzee aliitikia kila kitu. Safari hii aliuliza, na alirudia kuuliza, na Davis alitoka pale shati limemganda mgongoni, lakini akiwa na kibali cha mzee.

Sina budi kusema kwamba nusu ya wachimbaji wa Nyarugusu wameondoka. Lakini waliokubali wanatosha. Mkataba umesainiwa juzi, kwa bei ya chini kuliko Mzee Donatus alivyotarajia. Ajira zetu zimehakikishwa kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo, wateja wakibaki tunabaki, wakiondoka tunaondoka. Mama Theonest naye atakuwa anaangalia kutoka Muleba, akiba yake ikiwa mikononi mwa watu asiowajua. Mwanawe Theonest haoni kama mama yake amefanya sawa, na ameniambia hivyo bila kuficha. Yupo ukumbini leo, atanisamehe kwa kuandika. Mimi mwenyewe sina hakika. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemlazimisha.

Mama Theonest, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa subira yako, kwa darasa la saa nne, na kwa kurudi Bugarama wakati ungeweza kuhesabu siku zako na kunyamaza. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na majirani wasiokuuliza habari za hatifungani. Kuanzia Julai tutafungua ofisi bila wewe, tukiwa na hofu, na hatuoni aibu kuisema. Zako ziko kwetu. Tutazichunga.

Nampota, dereva