Bata wa Mama Oliva Juu ya Uwanda Usio na Mto

Huyu tunayemlaza leo mchangani ni Josephina Nathanaeli Mnalima, ambaye nusu ya Newala ilimwita Mama Oliva na nusu nyingine ikamwita Mama Bata, naye akaitikia yote mawili kwa furaha. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Lulindi, wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Nathanaeli Chilala, mpiga kengele wa kanisa, na mama Anjelina, mkulima. Alibatizwa hapohapo Lulindi Pasaka ya mwaka huo.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kijito, na kwenye kijito hicho mama yake alifuga bata. Josephina alikabidhiwa bata hao kabla hajaanza shule. Siku ya kwanza tu, kenge alitoka majanini akameza kifaranga mbele ya macho yake, na mtoto akalia mpaka akashikwa na homa. Mama yake hakumchapa. Alimwambia kwamba kenge naye ana njaa yake, na kwamba kazi ya mfugaji si kumchukia kenge bali kufika kabla yake. Marehemu aliyasimulia maneno hayo kwa watoto wake mara nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote, na mwenye kumfahamu anajua kwamba aliyaishi.

Alisoma Shule ya Msingi Lulindi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972 alipohitimu darasa la saba. Mwaka 1975 kanisa lilimpeleka Masasi kwa mafunzo ya ualimu wa chekechea. Waliosoma naye wanakumbuka kwamba alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri, na kwamba hakuweza kukaa kwenye dawati lililo mbali na dirisha.

Tarehe 21 Oktoba 1978 alifunga ndoa katika kanisa la Lulindi na Gasper Mnalima, fundi mwashi na mkulima wa korosho kutoka Newala. Bibi harusi alipanda lori akiwa na sanduku la nguo, mikeka miwili na tenga, na ndani ya tenga walikuwamo bata majike wawili na dume mmoja. Anayeijua Newala ameshaanza kucheka. Huku juu hakuna mto, hakuna kijito, hakuna hata dimbwi linalodumu masika yakishapita. Miaka ile wanawake walishuka bondeni alfajiri na kupanda tena mlima wakiwa na ndoo kichwani, na mtu mzima aliogea maji ya bakuli. Mama mkwe wake, Bibi Pili, alifunua tenga, akatazama, akalifunika tena.

“Mwanangu,” alisema, “huku maji tunayafuata bondeni kwa miguu. Wewe umetuletea wanywaji?”

Bibi harusi alipiga goti akaomba apewe mwaka mmoja. Bata wakimshinda, wawe kitoweo.

Hawakumshinda, na hapo ndipo familia ya Mnalima ilipoanza kumshangaa, mshangao ambao haujaisha hadi leo. Alikuwa amewatazama bata tangu utotoni, akajua kwamba bata hahitaji ziwa. Anahitaji maji ya kuzamisha kichwa mpaka machoni, basi. Alifukia ardhini chungu kilichovunjika mdomo. Maji yaliyoosha mchele na mboga yaliingia chunguni, bata wakanywa na kunawa macho, na jioni maji hayohayo yakamwagwa kwenye mipapai. Hakuna ndoo ya ziada iliyopandishwa mlimani kwa ajili ya bata. Mwaka haujaisha, Bibi Pili mwenyewe ndiye aliyekuwa anawaita waje kunywa, tena kwa Kimakonde, na bata wa Lulindi wakawa wanamwelewa.

Mama Oliva alifundisha chekechea ya kanisa hapa Newala tangu 1979 hadi alipostaafu mwaka 2012. Wapo hapa kaburini watu wazima wenye mvi waliojifunza kuhesabu kwake. Lakini kazi yake ya pili ilikuwa ulinzi, na katika hiyo hakustaafu. Huku kwetu kila kitu chenye meno au makucha kinapenda kuku na bata, naye alifuga wote. Mchana kuna mwewe na nguchiro, giza likiingia wanakuja kicheche na kanu, na siafu hawana saa. Kila adui alimwekea kizuizi chake. Banda la kuku alilisimamisha juu ya nguzo, na kila nguzo akaivika bati la debe ili kanu akipanda ateleze. Banda la bata, ambao hawapandi popote, lilikuwa chini, limezungukwa na vipande vya chupa vilivyozikwa kwa ajili ya nguchiro mwenye tabia ya kufukua. Siafu aliwazuia kwa majivu aliyoyamwaga upya kila jioni. Vifaranga wa kuku aliwachovya kwenye rangi ya ukili, ileile ya kutia kwenye mikeka, wakatoka zambarau, na mwewe akizunguka juu alibaki anasitasita kama mtu asiyeamini chakula alichoandaliwa. Majirani walicheka. Mwaka uliofuata vifaranga wa mtaa mzima walikuwa zambarau.

Kuhusu masikio yake, familia haina maelezo. Jumapili moja ya mwaka 1996 kwaya ilikuwa inaimba kwa nguvu zake zote, Mama Oliva akainuka benchini na kutoka. Nyumba yake ilikuwa ng’ambo ya uwanja. Alirudi wakati Padre amefika katikati ya mahubiri, kitenge kimejaa manyoya, naye akaketi mahali pake. Padre akamuuliza kama waendelee. “Endelea tu, Baba Padre,” alijibu, “wameshaingia wote.” Hakuna mtu mwingine kanisani aliyesikia jogoo wala bata. Mama Glory, rafiki yake wa miaka mingi aliyekaa naye benchi moja siku hiyo, anaapa mpaka leo kwamba hata yeye hakusikia kitu.

Marehemu na mumewe walijaliwa watoto watatu: Oliva, Dastani na Isabela. Waliishi kwa kupatana, wakitaniana kuhusu nani anapendwa zaidi, mume au bata. Mzee Gasper aliaga dunia tarehe 9 Agosti 2011 baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Yaliyotokea kwenye msiba huo wengi mnayajua nusu nusu, na familia imeona ni vema yasemwe yote leo, maana bila hayo hamtaelewa mliyoyaona uani asubuhi hii. Kwa mila yetu mjane hukaa ndani mkekani. Hatoki wala hapangi lolote. Mambo ya nje ni ya wanaume wa ukoo, na kinachotembea uani kwa marehemu ni chakula cha waliokuja kumlilia. Watu walikuja wengi kutoka Masasi, Chiwata na Lulindi. Msimamizi wa chakula alikuwa Charles Mnalima, mdogo wake marehemu Gasper. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamuuliza mjane, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Wakaanza na kuku, wakamalizia na bata.

Mama Oliva aliwasikia kutoka mkekani. Aliwajua kwa sauti mmoja mmoja, uzao wa wale watatu wa tengani, miaka thelathini na mitatu ya kufika kabla ya kenge na kabla ya mwewe. Mama Glory alikuwa kando yake, amemshika mkono. Baadaye alimuuliza kwa nini hakutuma mtoto akaseme neno.

“Ningesema nini, Mama Glory?” alijibu. “Watu wametoka mbali kuja kumlilia mume wangu. Niwanyime bata?”

Alipotoka ndani, uani palikuwa kimya. Alitembea hadi kwenye chungu, akakuta maji yamekauka. Kisha, kwa masikio yale yale yasiyo na maelezo, akageuka akaenda nyuma ya jiko, mahali palipolundikwa matawi ya mikorosho yaliyopogolewa kwa ajili ya kuni. Akapiga magoti, akaanza kuondoa tawi moja moja. Chini kabisa alikuwapo bata jike, amekonda, amelalia mayai. Alikuwa ameyataga huko kabla ya msiba, na kelele zote zile hazikumwinua. Charles alipita akamwona shemeji yake amepiga magoti, akasogea, akaona. Watu wazima wote wawili walilia pale kwenye kuni.

“Shemeji, sikujua,” Charles alisema.

“Najua hukujua,” alimjibu. “Lete maji.”

Mayai tisa yalianguliwa, na kila bata anayetembea leo Newala kwa ukoo huo anatokana na tisa hao. Tangu hapo Mama Oliva aliacha kuwa mchoyo wa mbegu. Kwa mwanamke yeyote aliyekuwa na kuku anayetaka kuatamia, alipeleka mayai ya bata, akayaweka mwenyewe chini ya kuku huyo, na akawa anarudi kuangalia. Hakupokea chochote. Alitoa sharti moja tu, kwamba siku msiba ukiingia nyumbani humo, watu wale, washibe, lakini jozi moja ibaki. Sharti hilo lilitembea kuliko yeye mwenyewe. Yasmini, jirani yake, alipofiwa na baba yake mzee Awadhi mwaka 2018, wanaume waliokuwa wanachinja walisimama wenyewe walipobakiwa na wawili, wakasema hawa ni jozi ya Mama Oliva. Mwenyewe alipoambiwa alikaa chini, akafuta machozi.

Mwanzoni mwa mwaka jana marehemu alianza kuvimba miguu, ikagundulika ana shinikizo la damu lililokwisha kugusa figo. Alitibiwa hapa Newala, kisha akapelekwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi, ambako wauguzi walimhudumia kwa upendo na familia inawashukuru. Hakuogopa kufa, na hilo alilisema wazi. Alichokiogopa ni siku hii ya leo. Banda alikuwa nalo, chupa alizizika, majivu alimwaga, lakini mkono wa mwombolezaji haukuwa na kizuizi, na yeye hangekuwepo hata mkekani. Oliva alimuuliza kama awaambie wazee wasiguse bata hata mmoja.

“Hapana,” alisema. “Nilitoa sharti kwa watu, lisije likawa tofauti kwangu. Wale, washibe. Jozi ibaki.”

Alifariki dunia hospitalini Mkomaindo tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, watoto wake wote watatu wakiwa kando ya kitanda.

Mwili ulipofika nyumbani jana, Oliva alimweleza Charles maneno ya mama yake. Mzee huyo, ambaye ukoo ulikuwa umempa tena usimamizi wa chakula, alisikiliza, akaweka kisu juu ya kenchi ya paa na kuagiza maharage. Na ndipo wanawake walipoanza kuingia. Mama Glory alikuwa wa kwanza, kisha Yasmini, kisha wa mtaa wa juu, kisha wa Kitangari na wa Mahuta. Kila mmoja alibeba jozi yake kwapani au kwenye tenga, jike na dume, hai. Walipita jikoni bila kusimama, wakawafungulia bata uani, ndipo wakaingia ndani kulia. Hakuna aliyewaita, wala hawakuwa wamekubaliana. Kufikia asubuhi chungu kimoja hakikutosha, ikabidi yaletwe mabeseni. Familia imewahi kuona misiba mingi ikimaliza mifugo ya mtu. Msiba wa kuizidisha hatujawahi kuuona, na hatuna neno la kuwashukuru ninyi akina mama.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe, wajukuu wanane na kitukuu mmoja, Loveness. Ameacha pia dada yake, bibi Isabela wa Lulindi, ambaye binti wa marehemu alirithi jina lake, na shemeji yake, mzee Charles Mnalima. Mzee Charles hayupo nasi hapa kaburini, na msimfikirie vibaya. Jeneza lilipoinuliwa, aliketi kwenye kigoda mlangoni pa banda akiwa na fimbo mapajani, uso umelowa machozi, akatuambia: “Nendeni mkamzike. Mwewe hajui kama leo kuna msiba.”

Mama Oliva, wameingia wote. Pumzika kwa amani.