Dahker Pelep na Kiazi Kikuu cha Miaka Tisa

Mchungaji wetu, Chifu wetu, ndugu waombolezaji, naitwa Ewalt, mdogo wake mjane, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, maana kudanganya mbele ya jeneza siwezi.

Marehemu Dahker Pelep alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 hapa Wone, kisiwani Pohnpei, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya misheni kuanzia 1956 hadi 1963, kisha mwaka 1966 akaajiriwa kituo cha kilimo mjini Kolonia, akastaafu 1998 na kurudi shambani. Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na dada yangu Kadalihna katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wanne, na tangu 1985 alikuwa shemasi.

Sote tunajua tulivyokuwa tukiishi, viazi vikuu vizuri ni vya kumpelekea Chifu kwenye karamu ili mtu apewe cheo, nyumbani tunakula wali mweupe na nyama ya kopo, na kiazi cha mwenzio hukitazami hata kama unapita juu yake, maana ni siri yake mpaka siku ya karamu. Marehemu naye alikuwa na chake, amekificha msituni tangu 1995, cha kubebwa na wanaume kumi na wawili. Mwezi Agosti 2004 dada yangu alipata kidonda cha kisukari mguuni, daktari akasema mguu huenda ukakatwa, kwa hiyo atumie dawa bila kuruka hata siku moja, aache wali na soda, ale viazi vikuu na magimbi kwa kiasi, maana vina nyuzinyuzi na havipandishi sukari mbio kama wali ule. Lakini mvua za mwaka huo zilikuwa zimeozesha shamba lote, kikabaki kile kimoja tu, na karamu ilikuwa wiki tatu mbele.

Shemeji alikiri mwenyewe hapa kanisani kwamba akili ilimwambia, "Mguu wa mkeo utasubiri, cheo hakisubiri," akaogopa jinsi alivyolipenda wazo hilo, akasimama palepale shambani akalijibu kwa sauti, "Wewe kwangu hukai, nina Bwana mwingine," akaenda kuchukua mtaimbo. Nilipokikuta kinachemka nilimfokea, "Shemeji, unakula cheo chako kwa chumvi?" Akacheka, "Nakila, na ni kitamu, leta sahani uache kelele!" Vipande vya mbegu akapanda, vingine akawagawia majirani bure, hata mimi niliyemtukana.

Kidonda kilifunga Februari 2005, na dada yangu yule pale, amesimama kwa miguu yake miwili.

Marehemu alianza kuugua moyo Mei 2019, akafariki tarehe 3 Septemba mwaka huohuo hospitalini Kolonia. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi mvua ikiwanyeshea, na wenzake wa kituo cha kilimo.

Kwenye karamu alikaa nyuma, kwa wasio na cheo, na msidhani jambo hilo halikumuuma, kwani wiki moja kabla ya kufa aliniambia kwamba wazo lile lilimrudia kila karamu kwa miaka kumi na mitano, na kila mara alilifukuza upya. Dahker, leo halikufuati tena. Kazi umeimaliza, lala sasa kwa amani.